Jeshi Dogo, Raha Kubwa: Vidokezo 12 vya Kukusanya na Kupaka Rangi Askari wa Historia

Unatafuta burudani ya mikono, isiyokula umeme wala bando, tena inayokufunza historia ya pwani yako kila unapochovya brashi? Karibu kwenye vijisanamu vya vita! Ni watu wadogo wa plastiki au madini, wenye urefu wa sentimita moja na nusu hadi tatu. Unawakusanya, unawapaka rangi, kisha unawapanga mezani kulirudia pambano lililotokea kweli.

Wala usidhani kwamba raha hii ni ya watu wa Ulaya peke yao. Ukiwa Mtambile, kisiwani Pemba, uko kwenye njia kuu ya Chake Chake na Mkoani, na mzigo ukishuka bandarini haukawii kukufikia. Mikarafuu na minazi inakupa mapambo ya bure. Na historia ndiyo usiseme: pwani hii imepiganiwa na Wareno, Waomani, Waingereza, Wajerumani na wenyeji wenyewe. Shughuli zimekubana? Vidokezo hivi vimeandikwa kwa ajili yako hasa. Vingi unaweza kuvifanya kwa robo saa baada ya isha.

1. Chagua pambano moja, tena la kwetu

Ukitaka Warumi, Wamongolia na vifaru kwa mkupuo mmoja, utaishia na maboksi yaliyojaa bila hata askari mmoja aliyekamilika. Chagua pambano moja tu. Unapenda la haraka? Agosti 27, 1896, manowari za Kiingereza zilianza kuipiga kasri ya Sayyid Khalid bin Barghash mjini Unguja mnamo saa tatu na dakika mbili asubuhi, na kabla ya saa nne vita vilikuwa vimekwisha. Unataka kubwa zaidi? Chukua Tanga, Novemba 1914: kikosi cha Waingereza cha watu kama 8,000 kilichotoka India kilirudishwa baharini na askari wapatao elfu moja wa Wajerumani, huku nyuki waliochokozwa wakiwauma watu wa pande zote mbili! Mpenzi wa ngome? Ngome ya Yesu, Mombasa, ilizingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ujanja ni huu: andika jina la pambano lako kwenye karatasi, ubandike ukutani, na usinunue kitu kisichohusiana nalo mpaka umalize watu kumi.

2. Kipimo kwanza, pesa baadaye

Vijisanamu huuzwa kwa vipimo, na ukichanganya vipimo utapata jitu limesimama na mtoto mchanga kwenye kikosi kimoja. Vinavyopatikana sana ni 1/72 vya plastiki, milimita 28 vya madini, na milimita 15 kwa wanaotaka majeshi makubwa kwenye meza ndogo. Kwa anayeanza, 1/72 inatosha kabisa: ni nyepesi na haikaushi mfuko. Hesabu yake ni rahisi. Chukua urefu halisi kwa sentimita, gawa kwa 72. Mtu wa mita 1.7 anakuwa kama milimita 24. Mkarafuu wa mita 12 unakuwa kama sentimita 17. Mnazi wa mita 20 unafika karibu sentimita 28! Andika vipimo hivi vitatu nyuma ya daftari lako, na hutajenga tena mnazi uliolingana kimo na askari.

3. Agiza kwa akili, si kwa pupa

Maduka ya vijisanamu hivi yako mbali, lakini jamaa zetu wako kila mahali. Una binamu Muscat? Shangazi London? Mwambie mapema, kabla hajafunga mizigo ya kuja likizo. Boksi moja la plastiki la 1/72 mara nyingi lina watu kama arubaini na halizidi uzito wa pakiti ya biskuti, kwa hiyo hakuna atakayelalamika. Vya madini ni vizito, basi agiza vichache vyenye sura unayoitaka hasa. Kampuni ya Foundry ya Uingereza ina mkusanyiko wa Afrika ya karne ya 19 uliochongwa na Mark Copplestone, na humo utawakuta Wazanzibari wa misafara ya bara na ruga-ruga, wale wapiganaji wa bara. Ujanja: changeni wawili watatu, mtoe oda moja, mgawane nauli ya posta.

4. Mzigo haujafika? Anza na karatasi na waya

Kwa nini ukae bure? Nenda steshenari, chapisha picha za askari kwenye karatasi ngumu, upande wa mbele na wa nyuma. Zikate, zikunje, zigandishe kwenye kipande cha boksi, na jeshi limesimama siku hiyohiyo. Njia ya pili ni waya mwembamba wa shaba uliomo ndani ya nyaya kuukuu za umeme zilizokwisha kutolewa ukutani. Pinda waya upate kichwa, mikono na miguu. Uvike udongo wa mfinyanzi au karatasi iliyolowekwa gundi nyeupe ya seremala, uanike kivulini ukauke polepole usipasuke. Watoto wa skuli wanalipenda zoezi hili mno, na siku mzigo utakapofika, vidole vyenu vitakuwa vimeshazoea kazi ndogondogo.

5. Nyumbani hawapendi sanamu? Jenga majahazi na ngome

Baadhi ya nyumba zetu hazipendi sanamu za watu, na hilo lina heshima yake. Hukosi kitu! Jenga vyombo. Jahazi la mita 15, ukiligawa kwa 72, ni sentimita 21 tu, kama shibiri moja. Chonga ubavu kwa mti mwororo, simamisha mlingoti, funga foromali kwa uzi, kisha kata tanga kutoka kwenye shuka kuukuu. Litose tanga hilo kwenye chai ya rangi iliyokolea, nalo litatoka na rangi ya tanga lililochakazwa na jua. Au jenga Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, palipokuwa na boma la Mkama Ndume mnamo karne ya 15. Tengeneza kuta za udongo, halafu weka kile kisima ambacho wenyeji wanasimulia kwamba kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane. Hapo hata bibi atavuta kiti akusimulie, na huenda akakusahihisha!

6. Kizibo cha soda ndicho mshiko wako

Kabla ya rangi, maandalizi. Osha vijisanamu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta yanayofukuza rangi. Kwa wembe, kwangua taratibu ule mstari mwembamba unaozunguka mwili, uliobaki pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Sasa mgandishe kila mmoja kwa tone la gundi juu ya kizibo cha soda. Unashika kizibo, hushiki mtu, na rangi haichafuliwi na vidole. Kwa plastiki laini kuna siri moja ya ziada: mpake kwanza tabaka jembamba la gundi nyeupe iliyozimuliwa maji, uache ikauke. Plastiki ile hupindika, na bila gundi rangi hubanduka kwenye bunduki na vifundo vya miguu. Kazi ya dakika chache inakuokolea kazi ya wiki.

7. Itazame hewa kabla ya kupuliza

Rangi ya chini, ambayo mafundi wanaiita praima, ndiyo inayoishika rangi nyingine yote. Mkebe wa kupuliza utaupata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi au kwa wanaopaka magari. Lakini sisi tunakaa kisiwani! Masika hewa hujaa unyevu, na rangi ya kupuliza hutoka na ukungu mweupe au chembechembe kama unga. Ngoja siku kavu, pulizia nje alasiri upepo ukiwa umetulia, na jikinge pua kwa kitambaa. Tikisa mkebe dakika mbili nzima. Simama umbali wa shibiri moja na zaidi kidogo, pitisha mkono haraka, mapito mepesi mawili badala ya moja zito. Mvua haikatiki? Paka praima ya maji kwa brashi na uendelee na safari. Chagua ya rangi ya kijivu au kahawia, na pale utakaposahau kupaka, kasoro haitaonekana.

8. Paka kwa mstari

Hii ndiyo siri ya walio na shughuli nyingi. Usimalize askari mmoja ndipo umwendee wa pili. Wapange kumi kwenye kipande cha ubao. Leo paka nguo za wote kumi, kesho ngozi za wote, keshokutwa bunduki na mikanda. Ukifika kwa wa kumi, wa kwanza ameshakauka, na huoshi brashi kila dakika. Robo saa kwa usiku inatosha, na kufikia Ijumaa una kikosi. Tumia rangi za maji za akriliki, kwani hazina harufu kali na brashi husafika kwa maji. Brashi unayohitaji ni mbili tu: moja ya kati, na moja nyembamba yenye ncha kali. Kama nyumbani kuna dada anayejua kupaka piko kwenye mikono ya bi harusi, mkaribishe mezani. Mkono unaochora ua la piko bila kutetemeka utachora mkanda wa risasi bila taabu.

9. Mtazame askari kwa karibu

Tumchukue askari wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki wa 1914. Nguo ni za kaki. Kichwani ana tarbushi iliyovishwa kitambaa cha kaki chenye kipande kinachoteremka kufunika shingo, na mbele inang'aa nembo ya tai. Miguuni kazungushiwa vitambaa vya buluu iliyoiva. Anza na kaki mwili mzima. Kwa ngozi usitumie nyeusi tupu, inaua uso wote: changanya kahawia iliyoiva na chembe ya nyekundu. Buti na mikanda, kahawia. Bunduki, kahawia kwa mti na kijivu cha chuma kwa mtutu.

Sasa raha yenyewe. Zimua rangi ya kahawia nzito, sehemu moja kwa nne za maji, tia tone la sabuni ya maji, kisha mlowanishe askari mzima. Rangi inatiririkia kwenye mikunjo ya nguo na kuweka vivuli yenyewe! Ikishakauka, chovya brashi kwenye kaki nyepesi, ipanguse kwenye kitambaa mpaka karibu iishe, halafu ipitishe juujuu. Kingo za kofia, mabega na magoti zinaruka mbele, na mtu wako anapata uhai. Malizia na vanishi isiyong'aa, mapito mawili, ili rangi ivumilie kushikwashikwa.

Ukifika Dar es Salaam, ipitie Sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927 pale Barabara ya Samora. Ipige picha mbele, nyuma na ubavuni: hakuna mwalimu bora wa namna mtu anavyoshika bunduki yenye singe.

10. Msitu wa makonyo, moshi wa sufi

Hapa ndipo Pemba inapowashinda wote. Makonyo ya karafuu yana vitawi vyake tayari: kusanya matatu manne, yachomeke kwenye kipande cha boksi, na umepata kichaka kikavu cha 1/72. Usumba wa nazi, ukikatwakatwa, unakuwa nyasi ndefu au paa la makuti. Mchanga wa pwani, uliooshwa chumvi na kukaushwa, unamwagiwa juu ya gundi nyeupe kuzunguka miguu ya askari. Sufi nayo ni moshi. Na moshi ni muhimu! Mwaka 1914 vikosi vingi vya askari wa Kijerumani bado vilikuwa na bunduki za zamani za muundo wa 1871, zilizotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu lililomwonyesha adui ulipojificha. Basi kila kikosi kinachofyatua, kiwekee kishungi cha sufi mbele. Meza itapendeza, na mpinzani wako atajua pa kulenga, kama ilivyokuwa siku zile.

Na bendera? Mnaopaka pambano la 1896 mmepata bahati: bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu. Kipande cha karatasi, uzi wa kuipandishia, rangi moja, kazi imekwisha.

11. Usimsahau mpagazi

Kwa kila bunduki iliyolia, kulikuwa na watu waliobeba unga, risasi na majeruhi kwa mabega yao. Vita Kuu vya Kwanza katika Afrika Mashariki vilikokota mamia ya maelfu ya wapagazi, na makumi ya maelfu hawakurudi: wengi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Walipigishwa kambi Kariakoo, Dar es Salaam, baada ya Waingereza kuuteka mji 1916, mahali pale tunapokwenda leo kununua vitambaa na vyombo. Mnara wa kumbukumbu ya vita hivyo jijini Nairobi una sanamu za watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Meza yako nayo impe nafasi. Ujanja: askari aliyevunjika bunduki usimtupe. Mkate silaha, mvike shuka ya karatasi laini iliyolowekwa gundi, mtwike mzigo wa udongo kichwani. Weka wapagazi wawili kwa kila askari mmoja, na mchezoni kikosi kisicho na wapagazi kisiruhusiwe kupiga risasi zaidi ya mara tatu. Kwa kanuni hii moja, mtoto ataelewa vita vile kuliko kwa kusoma kurasa kumi.

Na ukimpaka rangi mpagazi, mpake kwa bidii ileile unayompakia kamanda. Naam, hata yule wa mwisho kwenye mstari.

12. Geuza ubao wa keram uwe uwanja wa vita

Usinunue meza! Ubao wa keram una uwanja wa karibu sentimita 74 kila upande, na kingo zake zinazuia dadu isikimbilie chini ya kiti. Tandika kitambaa cha kijani au khanga kuukuu usiukwaruze, weka vitabu chini ya kitambaa uwe na vilima, na Tanga imepatikana. Mwandishi H. G. Wells alichapisha kanuni zake za vita vya mezani mwaka 1913, akiangusha askari kwa vizinga vya kuchezea. Zako zinaweza kuwa fupi zaidi. Rula ni kiberiti: askari anasogea urefu wa viberiti viwili, risasi inafika viberiti sita. Tupa dadu moja kwa kila anayefyatua. Ukipata tano au sita, umempata. Aliyejificha kwenye makonyo, ni sita tu. Na kwa Tanga ongeza hii: kila mzunguko mtu mmoja atupe dadu, ikitoka moja, nyuki wametoka! Kikosi kilicho karibu zaidi na msitu, cha upande wowote, kinarudi nyuma viberiti vitatu. Mchezo unakwisha kwa saa moja, na kelele za nyuki zitawaita majirani wote barazani.

Sasa ni zamu yako

Mwanzo wa ngoma ni lele. Askari wako wa kwanza atakuwa na jicho moja kubwa kuliko jingine, na haidhuru: mpe cheo, mweke mbele, endelea na wa pili. Kufikia wa kumi mkono umetulia, na kufikia wa ishirini utaanza kuuliza maswali mazuri. Walivaa nini? Walikula nini? Nani aliwabebea? Majibu yamo kwa wazee wa mtaani kwako, kwenye makumbusho ya ngome ya Chake Chake, na kwenye kuta za udongo za Pujini. Kila jibu utakalolipata litageuka kuwa rangi juu ya mtu mwingine.

Basi wiki hii fanya mambo matatu tu: andika jina la pambano lako, kusanya vizibo kumi vya soda, na mpigie simu yule binamu wa Muscat kabla hajafunga mizigo.